Kiti Kilichokaushwa kwa Tamko

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti na mbele ya wadau wote muhimu, kwamba kuanzia msimu huo hakuna sakafu ya mbao wala kiti cha mbao kitakachoruhusiwa kufifia. Kaya itang'aa. Isiyong'aa itang'arishwa. Mkurugenzi Ronald alilisema hilo mwenyewe pale Moshi mjini, akaongeza kuwa maendeleo huanzia sebuleni, na watu wakapiga makofi ya nguvu maana soda zilikuwa hazijagawiwa bado.

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Kitengo cha Mng'ao wa Kaya, chenye kaulimbiu yake, fulana zake, na Kaimu Mkuu wake, Ndugu Theodory wa Rau.

Hilo neno Kaimu tulitazame vizuri, kwa sababu ndilo lililokuwa likimnyima Theodory usingizi. Alikuwa amekaimu vitengo vingi na kwa muda mrefu hata watoto wa mtaani kwake walidhani Kaimu ni jina la ubatizo. Mke wake akimwita mezani alisema, "Kaimu, chakula." Watu aliowafundisha kazi walishathibitishwa, wakastaafu, wakapewa na saa za ukutani. Yeye bado anakaimu. Sasa Mkurugenzi alikuwa amemwahidi waziwazi: siku atakayozindua kaya ya mfano, kila kitu kikienda sawa, atamthibitisha palepale mbele ya watu. Theodory hakuomba jambo jingine duniani. Aondolewe tu lile neno.

Akaingia kazini kwa moyo wote. Kwanza yalifanyika majaribio ya kitaalamu ya vanishi. Yalifanyika Kahe, kule bondeni, kwa kuwa gari la ofisi lilikuwa na safari ya Kahe kuchukua mchele. Ubao ulipakwa vanishi asubuhi, ukaanikwa kwenye jua la Kahe, na kabla ya chai ulikuwa umekauka kau. Matokeo yakaingizwa kwenye Mwongozo wa Ukavu: vanishi hukauka siku hiyohiyo. Kwamba kule juu mlimani Julai ni ukungu na baridi ya kung'ata masikio, hakuna aliyelisema. Mlima haukuwakilishwa kwenye warsha.

Kaya ya mfano ikachaguliwa huko huko juu, Masama, kwa Mama Yuditha, mjane wa marehemu Eliamini. Nyumba yake ilikuwa na sakafu ya mbao iliyotandikwa na baba mkwe enzi kahawa ilipokuwa kahawa kweli. Na sebuleni kilikuwapo kiti cha Eliamini, kipana, chenye mikono, cheusi kwa uzee. Mama Yuditha alikitunza kwa namna aliyoikuta kwa mama mkwe wake: kila akisukasuka maziwa kwenye kibuyu, tonge moja la siagi ni la kiti. Alilipaka kwa kiganja, akalisugua mpaka mbao inywe. Watoto wake waliwahi kulalamika kwamba kiti kinakula siagi kuliko wao, na walikuwa hawasemi uongo.

Theodory akapanda na vibarua wake, fulana zimenyooka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umeleta nini cha kuuza?"

"Siuzi, mama. Tumekuja kukung'arisha."

"Mimi?"

"Kaya yako. Umeteuliwa. Hongera sana."

Mama Yuditha aliwatazama wakifungua makopo ya vanishi. Akauliza kama hawatapiga msasa kwanza. Theodory akamjulisha kuwa msasa uko kwenye mchakato, ila vanishi imeshafika, na kitengo hakiwezi kukwamishwa na msasa.

"Sakafu fanyeni mnavyojua," akasema mama. "Lakini hicho kiti kiacheni. Kina siagi ya miaka yote. Hayo mavanishi yenu hayatashika, nawaambia."

"Maoni yako yamepokelewa, mama."

"Yamepokelewa ndiyo nini?"

"Ndiyo hivyo. Yamepokelewa."

Wakakipaka. Wakapaka na sakafu yote, wakafunga mlango wa sebule kwa utepe, na kwa kuwa vyumba vyote vya nyumba ile vinapitia sebuleni, mama mwenyewe akahamishiwa jikoni kwa muda. Akalala huko na ukuta wa mabanzi kati yake na ng'ombe, ng'ombe akimpumulia kisogoni. Kwenye taarifa ya utekelezaji iliandikwa kuwa mnufaika amepatiwa makazi mbadala yenye joto.

Sakafu ilinung'unika wiki kadhaa katika ukungu ule, mwisho ikakauka, na nyayo za kuku mmoja aliyepita bila kibali zikabaki humo moja kwa moja. Kitengo kikaziorodhesha kama nakshi. Lakini kiti, jamani! Kiti kilikataa katakata. Theodory alipanda kila alipopata usafiri, akakigusa kwa kidole, na kila mara alama ya kidole chake ikabaki pale, inang'aa. Akaanza kukosa hamu ya kula. Uzinduzi unakaribia, uthibitisho unakaribia, na kiti kinanata kama ulimbo. Akapiga simu ofisini.

"Mwongozo unasemaje?" wakamuuliza.

"Kinakauka siku hiyohiyo."

"Basi kimekauka. Wewe unachopigia simu ni nini?"

Theodory akavuta pumzi. Akaona kabisa kuwa ni kweli, yeye ni nani abishane na mwongozo alioutia sahihi mwenyewe? Akasimama katikati ya sebule, akakohoa kidogo, akasoma tamko mbele ya Mama Yuditha na kuku: "Kuanzia sasa, kiti hiki ni kikavu."

Mama akakigusa. Kidole kikabanduka kwa shida.

"Mbona kinanishika?"

"Huo ni unata wa mpito, mama."

"Mwanangu," akasema Mama Yuditha, na safari hii hakucheka, "mimi nataka kulala kwangu. Basi. Mkimaliza kuzindua, nirudishieni nyumba yangu."

Theodory akamwambia kwamba hilo nalo limepokelewa. Lakini njiani, akishuka kwenda kupanda gari, alijikuta akikisugua kile kidole kwenye suruali tena na tena, na hakikutoka.

Siku ikafika. Ukungu ulikuwa umelala mpaka kwenye migomba ya uani. Wamama walikuwa wamepika, pombe ya mbege ilikuwa tayari, Mchungaji amekuja na joho lake mkobani. Mkurugenzi Ronald akashuka kwenye gari amevaa suti ya rangi ya maziwa, mpya kabisa, akapokelewa kwa kaulimbiu.

"Kaya!"

"Ing'ae!"

"Ing'ae!"

"Zaidi!"

Kwa huruma yake tu, Mama Yuditha alikuwa amekitandikia kiti kile kitambaa chake cha kufuma, kile kizuri cha Krismasi. Mkurugenzi akakiona, akakunja uso. Akakibandua kwa mikono yake miwili, kikatoka kinalia.

"Mng'ao unafichwaje, mama? Hii ndiyo fikra tunayopambana nayo!"

"Mheshimiwa," Theodory akaanza, jasho limemtoka kwenye baridi ile, "pengine ungependelea sofa..."

"Kiti si kikavu?"

Sebule nzima ikamtazama Theodory. Akaliona lile neno Kaimu limesimama mbele yake, linasubiri kuondoka.

"Ni kikavu, Mheshimiwa."

Mkurugenzi akaketi, akajisogeza nyuma, akaegemea, akaweka na mikono yote miwili. Kisha akahutubia. Alihutubia akiwa amekaa, jambo lililosifiwa kama unyenyekevu. Akasema wapo wapotoshaji mitaani wanaodai vitu vyetu havikauki. Waje wamwone yeye. Si amekaa? Alihutubia mpaka nyama ikapoa, na muda wote huo siagi ya miaka yote na vanishi ya serikali vilikuwa vikikubaliana taratibu chini yake.

Ndipo Mchungaji akasema, "Tusimame tuombe."

Watu wakasimama. Mkurugenzi akajaribu. Mikono ya koti ilibaki ilipo, na mwili ukarudi chini puu. Akajaribu tena kwa nguvu. Safari hii kiti nacho kiliinuka kidogo, kikasimama naye kwa heshima, kikamketisha. Mchungaji hakuwa na haraka. Alifumba macho nusu, akangoja.

"Mkubwa ameganda," akasema Mzee Sifael, shemeji yake Mama Yuditha, akiwa na kata ya mbege mkononi. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

"Sijaganda!" Mkurugenzi akang'aka. "Nitaomba nikiwa nimekaa."

Wakaomba. Baada ya amina hakuna aliyetoka. Nani angetoka? Mkurugenzi akamvuta Theodory kwa macho.

"Nitoe hapa."

"Mheshimiwa, kwa mujibu wa tamko..."

"Nitoe, nikuthibitishe sasa hivi!"

Dereva alikuwa ameshaingia na chupa ya petroli. Mama Yuditha akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Petroli kwenye kiti cha Eliamini? Thubutu! Hebu ipeleke nje hiyo."

"Mama, mkubwa amenasa."

"Amenasa wapi? Kiti ni kikavu. Kimetangazwa, nimesomewa mimi hapa na kuku wangu. Mtu ananasaje kwenye kiti kikavu? Mgeni amependa kwangu tu. Mwacheni akae, tutamletea ndizi za kiburu jioni."

Kicheko kikapasuka mpaka uani. Mkurugenzi akawaka uso mzima. Mama akangoja kinyamaze, kisha akamgeukia.

"Mimi nimelala jikoni tangu mje. Nimezeeka, nalala napumuliwa na ng'ombe, na nyumba ni yangu. Niliwaambia kuhusu siagi, mkasema mmepokea. Niliwaambia nataka kurudi kwangu, mkasema mmepokea. Hakuna hata mmoja aliyeniambia pole. Imeniuma, nasema ukweli."

"Mama," Mkurugenzi akasema kwa kujikaza, "ofisi haiombi radhi. Ofisi hutoa ufafanuzi."

"Basi fafanua," akasema Mzee Sifael. "Au isale zile pale mpakani."

Watu wote wakamgeukia Mkurugenzi, maana huko juu kila mtu anajua isale. Ni yale majani marefu yanayopandwa mpakani mwa vihamba, yale mashamba ya ukoo. Anayekuja nayo mkononi amekiri kwamba amekosa, na anayeletewa hana ruhusa ya kumkatalia. Ukilishika jani hilo huwezi kudai umekuja kutoa ufafanuzi.

Mkurugenzi akatazama dirishani. Akatazama ukutani. Akajaribu kusimama mara ya mwisho, na suti ya rangi ya maziwa ikatoa sauti ambayo wamama walijifanya hawakuisikia.

Theodory alikuwa akiyatazama haya yote, na bila kumwambia mtu akatoka. Alikwenda mpakani kwenye ukungu, akakata isale mbili, akarudi viatu vimelowa. Moja akamwekea Mkurugenzi kwenye vidole, kwa kuwa mkono wenyewe haukuweza kuifuata. Nyingine akaishika yeye, akaenda kwa Mama Yuditha.

"Mama, kiti ni kibichi," akasema. "Kilikuwa kibichi siku ile niliposema ni kikavu. Nilijua. Nisamehe."

"Theodory!" Mkurugenzi akanguruma. "Unajua unachopoteza?"

"Najua, Mheshimiwa."

Mama akalipokea jani. Kisha akaenda akasimama mbele ya kiti.

"Pole," Mkurugenzi akasema, meno yamebana.

"Ya nini?"

"Ya kiti."

"Na?"

"Na sakafu."

"Na?"

Mkurugenzi akafumba macho. "Na ng'ombe."

"Nimekusamehe. Aika mbe, asante." Mama akachukua lile jani kwenye vidole vyake. "Ila nimekusamehe wewe, petroli sijaisamehe. Jivue utoke. Suti ibaki."

Wakamzungushia kitenge cha mama, kile cha umoja wa wanawake chenye misalaba, wakamfungua vifungo, wakamchomoa kama mhogo. Alitoka sebuleni Mkurugenzi Ronald, amejifunga kitenge kifuani, soksi miguuni, akipita juu ya nyayo za kuku. Wasaidizi wake hawakujua itifaki inasemaje. Mmoja akaona salama ni kupaza sauti, "Kaya!" na uwanja mzima, mpaka Mchungaji, ukaitikia, "Ing'ae!"

Haikupita muda Theodory akapata barua. Neno Kaimu lilikuwa limeondolewa, kama alivyoomba miaka yote, pamoja na maneno yote yaliyolifuata. Mke wake aliisoma, akaikunja, akasema, "Theodory, chakula." Alikula akamaliza sahani. Mkurugenzi yeye bado yupo, ila siku hizi anahutubia akiwa amesimama, hata misibani.

Desemba wanandugu walipopanda kutoka Dar, walimkuta Mama Yuditha analala chumbani kwake. Kiti cha Eliamini kilikuwa mahali pake, na kwenye kalio na mgongo kimevaa kitambaa cha rangi ya maziwa, kimekatwa vizuri kwa mkasi, kimepindwa na kudariziwa maua pembeni. Kwenye mkono mmoja kifungo cha koti kilibaki palepale.

"Bibi, hiki kitambaa kizuri umekitoa wapi?" akauliza mkwe mmoja, akijiandaa kuketi.

"Ni cha ofisi."

"Na kiti kimekauka, au kinanata?"

"Kaa tu, mwanangu," akasema Mama Yuditha. "Kilikauka tangu Julai. Walitangaza."