Taa ya Mjomba Anaeli

Leo nimeaibika, na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe. Naandika nikiwa nimejibanza nyuma ya banda la ng'ombe la mama mkwe. Ng'ombe ananitazama. Nadhani naye ameshasikia.

Mnalijua lile gari langu jipya. (Jipya kwangu. Kwa Mjapani lilishazeeka.) Lilikuwa la Mjomba Anaeli, mjomba wa mke wangu, aliyefariki miezi mitatu iliyopita. Hakuwa na mtoto. Milango ya biashara ilipofunguliwa watu wakaanza kuagiza magari Japani, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kijijini kwao, huku kwenye miteremko ya Mlima Meru. Hili lilikuwa la mwisho. Siku chache kabla hajafa alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Mwalimu, gari nakuachia. Usiliuze. Uwe unampeleka dada yangu kanisani."

Dada yake ndiye mama mkwe wangu. Nikasema, "Sawa, Mjomba."

Basi nikatafuta mteja. (Tulieni kwanza. Lile gari linakunywa mafuta kuliko familia yangu inavyokunywa chai.) Mteja yuko Elerai, kule mjini, na tulikubaliana tuonane leo jioni. Mke wangu, Mama Neema, sikumwambia. Mama mkwe ndiyo kabisa.

Sasa sikilizeni habari ya taa. Kwenye dashibodi kuna kitaa cha njano, umbo kama chungu, katikati kina alama ya mshangao. Kikiwaka ujue tairi limepungua upepo. Mara ya kwanza kiliwaka kesho yake baada ya kuongea na mteja. Ilikuwa asubuhi, napandisha mlimani kwa mama mkwe. Nimefika kwenye kona ya masale, ile mimea tunayoipanda kwenye makaburi, pale unapoanza kuliona shamba la kahawa alimozikwa Mjomba. Ti! Kikawaka. Nikashuka, nikapiga tairi mateke. Zote nne ngumu. Niliporudi mjini mchana, kimezima chenyewe.

Wiki iliyofuata, asubuhi, kona ile ile. Ti!

Nikalipeleka gari kwa fundi wa pancha pale Kimandolu. Akapima tairi zote nne kwa geji, akarudia tena.

"Upepo uko sawa, Mwalimu."

"Na taa?"

"Taa gani?"

Kweli, haikuwepo. Akaniuliza polepole, "Hili gari lilikuwa la nani?"

"La marehemu mjomba."

Akafuta mikono kwenye ovaroli, akarudi nyuma hatua mbili. Akasema nisilipe kitu, niondoke tu.

Mimi nafundisha fizikia sekondari. Siogopi vitaa. (Usiku huo nililala na Biblia chini ya mto, lakini ni kwa sababu mto ulikuwa mfupi.)

Leo ilikuwa ibada ya kuweka msalaba kaburini kwa Mjomba. Mke wangu alitangulia jana kwa mama yake. Nikatoka nyumbani asubuhi peke yangu, nikapita kwa fundi mwingine. Tairi nne, safi. Taa imezima. Nikaanza kupanda.

Ukungu ukashuka. Migomba ikapotea mmoja mmoja, kisha kingo za barabara, kisha boneti ya gari. Nikawa natambaa tu. Hakuna mtu njiani. Hakuna kuku. Hata mbwa hakubweka, na huku mlimani mbwa hubweka hata kama hapiti mtu.

Simu ikaita. Mteja!

"Haloo?"

Shhhhh. Halafu sauti kutoka mbali sana: "...usi..." Ikakatika.

Ti! Kitaa kimewaka. Nikatazama dirishani. Masale.

Nikazima gari. Kosa kubwa hilo, maana baada ya injini kunyamaza nikasikia kitu kingine.

"Mmmmmmm."

Sauti nzito, ndefu, inatoka upande wa kaburi. Si ng'ombe. Si upepo. Ikasita, kama mtu anavuta pumzi, ikaanza tena, juu kidogo kuliko mwanzo. Nywele zikanisimama. (Mnajua sina nywele. Zilisimama hivyo hivyo.) Nikahisi kabisa kuna mtu amekaa kiti cha nyuma. Nikafungua mlango, nikatoka. Nikajikuta nimepiga magoti kwenye matope, na suti yangu ya harusi, mikono juu.

"Shikamoo, Mjomba!" (Ndiyo. Nilimwamkia marehemu.) "Nisamehe, Mjomba Anaeli! Gari siuzi tena! Yule mteja wa Elerai nitamwambia basi! Nilimdanganya Mama Neema kuwa leo jioni nina kikao cha shule! Hakuna kikao! Na dada yako sijampeleka kanisani hata Jumapili moja! Nilisema gari bovu! Halikuwa bovu, nilikuwa nimelala! Zima hiyo taa, Mjomba, nakusihi!"

Ile sauti ikakatika ghafla.

Kisha mtu akakohoa.

Ukungu ukaanza kusogea, taratibu, bila huruma. Hatua kumi mbele yangu nikaona majoho. Kwaya nzima ya usharika, watu kama thelathini, walikuwa wanapasha sauti midomo ikiwa imefungwa. Mchungaji. Mke wangu. Na mbele yao wote, mama mkwe na mkongojo wake.

"Marahaba," akasema mama mkwe, kwa niaba ya kaka yake.

Hakucheka mtu. Hapo ndipo nilipokufa.

"Kikao cha shule, Baba Neema?" mke wangu akauliza.

Nikanyoosha kidole kwenye gari. "Taa... kila nikifika hapa inawaka. Na tairi zote nzima."

Mwimbaji mmoja akatoka kwenye mstari. Eliapenda! Nilimfundisha miaka ile, siku hizi ana karakana yake mwenyewe. Akakunja joho, akazunguka nyuma ya gari, akavua kava la tairi la spea lililofungwa mlangoni, akalibonyeza.

"Na hili umelipima, Mwalimu?"

Sikuwa nimelipima. Nilikuwa nimesahau kama lipo.

"Magari ya aina hii hata spea ina kipimo chake ndani. Limepungua kidogo tu. Mjini kwenye joto presha inafika, taa inazima. Ukipanda huku kwenye baridi, presha inashuka, taa inawaka." Akakunjua joho lake. Kisha, kwa heshima zote: "Ulitufundisha hilo kidato cha tatu, Mwalimu. Swali lake uliniwekea kosa."

Hapo sasa kwaya ikacheka. Soprano wakaanza, besi wakapokea. Mchungaji akageukia msalaba, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Na simu ikaita tena. Mteja: "Nilikuwa nakwambia usichelewe jioni!" Mama mkwe akaipokea kutoka mkononi mwangu.

"Gari lina mwenyewe," akamwambia, akakata. Akaninyooshea kiganja. Nikampa funguo.

Baada ya ibada Eliapenda alijaza ile spea kwa pampu ya mguu, akalizungusha gari kidogo, taa ikazima. Mama mkwe alikuwa amekaa kiti cha mbele. Akalitazama kaburi kupitia dirishani, akasema kwa sauti ndogo, "Asante, kaka."

Sikubishana naye. Kesho Jumapili, saa moja kasoro, niko mlangoni kwake kumpeleka kanisani, nimevaa tai.

Na nyie mkitaka kucheka, chekeni polepole. Huku mlimani sauti inafika mbali, na sijui nani mwingine anasikiliza.