Siri ya Masunga Iko Salama Kwangu

Jumatatu, 3 Juni 1996
Masunga amenihama! Nimemuuguza mpaka sauti za kichwani zikamwacha, leo kliniki kapita mlango wangu bila salamu, kaenda kutibiwa kwa Generosa. Wauguzi wa wagonjwa wa akili hapa Mpanda ni sisi wawili tu. Kosa langu? Juzi mnadani nilimwita kwa upendo, nikamuuliza kama anameza dawa. Kumbe alikuwa na mzee Malale, baba wa mchumba wake, wakichagua ng'ombe wa mahari.

Generosa anasema yeye hamsalimii mgonjwa njiani mpaka aanzwe. Maringo matupu!

Jumatano, 5 Juni
Leo nimelimaliza jambo hili. Nimevaa koti jeupe, nikapanda baiskeli hadi Kasokola kwa mzee Malale. Nikamhakikishia kwamba kichaa cha Masunga ni kidogo na kina dawa. Mzee akauliza kichaa gani. Yeye alidhani ni dawa za malaria.

Mungu wangu! Posa imesimama.

Ijumaa, 7 Juni
Masunga kaja kliniki macho mekundu. Hapati usingizi, dawa kaacha, sauti zimerudi. Akasema nyie wauguzi mnatibu kichwa kisha mnakitembeza mnadani. Iliniuma, nasema kweli. Generosa akanivuta pembeni: niombe radhi, kisha ninyamaze. Nikaomba. Masunga akajibu kwamba radhi ameisikia, anasubiri kuuona ukimya.

Ukimya! Kazi ndogo hiyo.

Jumapili, 30 Juni
Ushindi! Binti wa mzee Malale, jina lake Sikujua, alimwambia baba yake kwamba ugonjwa anaujua tangu zamani, Masunga alimwambia, na haolewi na mwingine. Masunga amerudia dawa, na leo ng'ombe wamepokelewa. Nami nimealikwa, kwa sharti la kufunga mdomo.

Nimeufunga! Nimekula wali na nyama kama bubu. Masunga mwenyewe akaniletea maziwa, akaninong'oneza kwamba kesho atakuja kwangu, si kwa Generosa.

Furaha ikanizidi. Nikasimama, nikawaambia wageni kwamba muuguzi wa kweli hutunza siri, ndiyo maana leo hakuna aliyenisikia nikitaja dawa za Masunga, wala za Nyamizi, shangazi wa bibi harusi, aliyekaa pale karibu na sufuria.

Wote wakaacha kula. Wameguswa. Shangazi alijifunika uso kwa kanga, akaondoka mbio, bila shaka kwa furaha. Kesho navaa koti jeupe, nimfuate nyumbani kumpongeza.