Siku Tisini za Bwana Kiugu

Mwaka wa themanini na tano, mvua iliporudi baada ya kiangazi kilichofagia mazizi, Isiolo ilikuwa na gumzo moja tu: moyo wa Ibrae. Mchuuzi huyo wa mifugo alikuwa amerudi kutoka Nairobi na kovu kifuani, baada ya kuuza ng'ombe arobaini ili apasuliwe. Watu walikwenda kumpa pole. Walitazama kovu, kisha wakatazama zizi, na wengi walililia zizi.

Bwana Kiugu aliipata habari hiyo hotelini, mdomo umejaa mandazi. Alikuwa Mmeru aliyekulia Nairobi, mwenye suti ya kahawia, mkoba mtupu na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Alikuja kuuza saa, zile zinazotembea mpaka muuzaji apige kona. Siku hiyo aliacha saa. Hofu, ndugu msomaji, ni shamba lisilongoja mvua.

Kufika Ijumaa alikuwa na fomu za stensili na mhuri wa mpira: Kampuni ya Bima ya Maradhi Makuu, Tawi la Kaskazini. Makao makuu yalikuwa ule mkoba.

Alianzia kwa Haji Dullo, mwenye ng'ombe mia mbili na roho ya kumhesabia mgeni vijiko vya sukari.

"Salaam aleikum, Haji," alisema Kiugu, ambaye kwao ni Wamethodisti.

"Aleikum salaam. Unauza nini?"

"Siuzi, Haji. Nanunua hofu yako. Unatoa ng'ombe mmoja kwa mwaka. Daktari akiandika umepata saratani, kiharusi, ugonjwa wa moyo au wa figo, kampuni inakupa bei ya ng'ombe ishirini, taslimu, mara moja. Hiyo pesa si ya hospitali, ni yako. Ukitaka jitibu, ukitaka oa."

Dullo aliacha kuchokoa meno. "Na malaria?"

"Malaria ni ya kila mtu. Hii ni ya magonjwa ya heshima."

"Nikikufa?"

"Hapo pole. Lazima uishi siku thelathini baada ya daktari kuandika. Ni bima ya kuugua, si ya kufa."

"Na mtu ambaye iko mgonjwa tayari?"

"Huyo hapati kitu. Na hata mzima hadai kabla siku tisini kwisha tangu atie kidole, ili wagonjwa wasituingilie kwa mlango wa nyuma. Wewe una ugonjwa wowote, Haji?"

"Mimi? Mimi niko sawa kama ngamia."

Masharti hayo yote Kiugu aliyanakili kutoka kijitabu cha kampuni ya kweli, na aliyapenda sana, hasa zile siku tisini. Kabla hazijaisha angekuwa Nairobi na jina jipya. Dullo naye alizipenda. Tangu Februari daktari alikuwa amemwandikia kwamba moyo wake umevimba na asichelewe kutibiwa, na barua ile aliificha ndani ya debe la sukari, mahali ambapo hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa. Angenyamaza siku tisini, kisha augue upya. Basi wanaume wawili walishikana mikono, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa ujinga.

Unadhani Dullo alitoa ng'ombe kati ya mia mbili wake? Thubutu! Alimtoa Magala, ng'ombe wa mkewe Gumato, aliyepewa na mama yake siku ya harusi. Katika ng'ombe wote waliotokana na zizi la mama yule marehemu, Magala peke yake ndiye aliyevuka kiangazi. Hapo sicheki.

Gumato alitoka nje. "Hiyo ni yangu."

"Ni kwa afya yangu, mama watoto."

"Afya yako iko na ng'ombe mia mbili."

Dullo alijifanya kiziwi. Gumato hakutaka kumwaibisha mumewe mbele ya mgeni, akamgeukia Kiugu. "Wewe, bima. Hizi ng'ombe utapeleka wapi?"

"Nairobi, mama, kwa barabara."

"Wewe unajua ng'ombe?"

"Kama kiganja changu."

Gumato alivitazama viatu vyake vinavyong'aa. "Sawa. Basi andika hapo chini: kampuni ikikataa kulipa, ng'ombe inarudi kwa mwenyewe, na mtoto yake."

Kiugu alicheka, akaandika. Mtu anayetoroka hajali anaahidi nini.

Mjini watu walijiuliza: Dullo, yule Dullo, ametoa ng'ombe mzima? Basi kuna utamu. Wakaja wengine kumi na sita, kila mmoja akidai sharti la Gumato, na Jumatatu wote wakatia vidole mbele ya chifu. Siku tatu baadaye Kiugu alikata fimbo, akawaswaga ng'ombe kumi na saba kuelekea kusini huku akipiga mluzi.

Kwenye kizuizi cha barabarani alisimamishwa na bwana mifugo, Mturkana mpole aitwaye Emuria.

"Habari, bwana. Cheti cha karantini?"

"Karantini gani?"

Emuria alimtazama kwa huruma. "Ng'ombe ya huku haipiti kwenda chini bila kukaa kwa malisho ya serikali. Ni homa ya mapafu. Hata mtoto wa kijiji cha Ngaremara anajua. Wewe hukuambiwa?"

"Siku ngapi?"

"Tisini."

Mluzi ulimfia mdomoni. Siku tatu zilikuwa zimeshapita. Ng'ombe wangefunguliwa siku tatu baada ya watu kuanza kudai. Kuwauza mjini hakukuwezekana, kwani kila ng'ombe alikuwa na chapa na kila chapa ilikuwa na mwenyewe akinywa chai barabarani. Angeweza kuwaacha na kuokoa ngozi yake. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Lakini Kiugu hakuwa na akili, alikuwa na ujanja tu, na ujanja ulimwambia: kumi na saba.

Akachunga. Suti ikawa rangi ya vumbi, viatu vikafunguka midomo. Alijifunza kukamua, kutoa kupe na kulala macho wazi kwa ajili ya fisi. Kila Ijumaa Gumato alikuja kumwona Magala. "Unachunga vizuri," alimwambia, na mara moja alimsaidia kuzalisha. Magala alizaa ndama jike.

Siku ya tisini na moja, asubuhi, watu kumi na saba walisimama langoni mwa malisho na barua za daktari. Tangu Isiolo iwe Isiolo, afya haijawahi kuharibika kwa mpango namna ile. Wote walikuwa mahututi, na wote walikuja kwa miguu.

Kiugu hakutetereka. Alihitaji siku tatu tu. "Poleni sana," alisema. "Sasa mnakumbuka sharti. Nendeni nyumbani mkaishi siku thelathini, kisha nitawalipa."

"Haya," alisema Gumato, aliyekuja na mumewe. "Na ng'ombe zitangoja na sisi."

"Kibali sitaandika mpaka muelewane," aliongeza Emuria, aliyekuja na daftari lake.

Siku nyingine thelathini! Kiugu alinyakua barua, akaona kumi na sita zina mwandiko mmoja, wa Lobokat, dresa wa zahanati aliyejulikana kwa kupenda hongo ya mbuzi.

"Uongo mtupu! Hapa mgonjwa wa kweli ni mmoja tu, huyu Haji, tena tarehe ameikwangua kwa wembe na bado inasomeka! Moyo umevimba tangu Februari! Kampuni hailipi hata senti!"

"Umesikia, Bwana Emuria? Amekataa," alisema Gumato. "Ng'ombe zirudi."

Watu wakavunja lango kwa furaha, wakiwa wamepona wote kwa pamoja. Gumato peke yake hakucheka. Alimgeukia mumewe.

"Tangu Februari? Daktari anakwambia usichelewe, na wewe unakaa kungoja bima?"

Wiki hiyo hiyo Gumato aliuza madume ishirini ya mumewe bila kuuliza mtu, akampeleka Nairobi. Dullo alilia njia nzima, na si kwa sababu ya moyo.

Kabla ya safari hiyo lakini Gumato alimwita Kiugu. "Mchungaji hanyimwi haki yake," alisema, akampa beberu mmoja wa Dullo, mzee na mwenye kikohozi. Hiyo ilikuwa faida yote ya Tawi la Kaskazini.

Kiugu alimfunga kamba, akashika njia ya kusini. Kwenye kizuizi Emuria alimtazama yeye, akamtazama beberu, akafungua daftari.

"Huyu amekaa karantini?"

Barabara ilikuwa nyeupe kwa mtu asiye na mnyama, na lori la Meru lilikuwa linaunguruma likimngoja. Kiugu aliitazama kamba mkononi mwake.

"Mbuzi," aliuliza, "ni siku ngapi?"