Jino Zima kwa Chaja ya Bure

Jumatatu, 3 Juni
Jumamosi mjukuu wetu anahitimu ualimu, chuoni, kilomita tisini kutoka hapa. Nimemwahidi bibi yake kwamba gari letu la umeme litajaa chaji. Jirani, karani mstaafu, huchaji gari lake hapo konani: nusu saa tu, kwa bei ya kuchuna ngozi. Nimemweleza taratibu, nilivyofundisha hesabu miaka thelathini, kuwa pale anauziwa haraka, si umeme. Akasema yeye anapenda kurudi nyumbani akute chakula bado cha moto. Masikini.

Mimi nimegundua chaja ya bure, kwenye maegesho ya daktari wa meno. Sharti moja: uwe mgonjwa. Matibabu juu ya bima ya wastaafu. Raha iliyoje!

Jumanne, 4 Juni
Nimeugua jino la kulia. Daktari kachungulia, hakuona kitu. Nikamsihi achungulie polepole. Chaja nayo polepole: asilimia nne. Safari ya kurudi imekula tatu. Faida safi, asilimia moja.

Jumatano, 5 Juni
Nimeugua jino la kushoto. Daktari kauliza, mzee wangu, jana si lilikuwa la kulia? Nikamfafanulia kwamba maumivu husafiri. Muuguzi kacheka ndani ya barakoa. Nimesafishwa meno yote. Bibi kasema sasa nang'aa kuliko gari, na kwamba chaja ya konani haina foleni. Hajui hesabu.

Ijumaa, 7 Juni
Kung'oa jino, pamoja na kupumzika: saa tatu za chaji. Nimeyaeleza maumivu kwa ufasaha hadi daktari akashika shavu lake mwenyewe. Limetoka. Kumbe zima kabisa.

Nje nikakuta waya wangu umechomolewa, umechomekwa kwenye gari la mgonjwa mwingine. Nimemtazama. Shavu halijavimba hata kidogo. Tapeli!

Jumamosi, 8 Juni
Tumekwenda kwa gari la jirani. Mimi kiti cha nyuma, kitambaa mdomoni. Hakunicheka hata mara moja. Hilo ndilo limeniuma. Mjukuu kaniomba niseme maneno mawili. Hakuna aliyeelewa hata moja, wakapiga makofi. Kanikumbatia upande usiouma.

Bibi kauliza, babu, sasa utachaji konani? Nikatikisa kichwa kukubali, kwa moyo mmoja.

Tukirudi, jirani kadokeza kwamba daktari wa macho naye ameweka chaja ya bure. Ajabu, hapa ninapoandika naona herufi zinacheza. Jumatatu asubuhi na mapema nikapimwe.