Malalamiko Kuhusu Skrini Iliyompausha Mke Wangu

Ndugu watengenezaji wa programu huria,

Natumaini mnaisoma barua hii mkiwa wazima na macho yenu yanaona vizuri. Mimi ni mpiga picha wa harusi na pasipoti. Niliiweka programu yenu kwenye kompyuta ya studio kwa moyo mweupe, kwa kuwa mnaigawa bure na kila mtu anaruhusiwa kuirekebisha. Sasa, kwa heshima zote, nalalamika kwamba imenivunjia nyumba.

1. Niliiweka siku ileile niliyonunua skrini mpya. Tangu hapo rangi zimepauka: nyeusi imekuwa majivu, nyekundu imekuwa kama shati la kushindia. Nikazikoleza picha za harusi moja mpaka zikanipendeza. Zilipochapwa, maharusi walikuwa rangi ya chungwa, na mama wa bwana harusi akaniuliza mwanawe yuko wapi.

2. Niliuliza kwenye jukwaa lenu. Mwenzenu mmoja, mpole kweli, akanielekeza niende kwenye mipangilio ya skrini, kwenye upana wa rangi, nitoe "finyu" niweke "kamili". Nikaweka, nisione nafuu. Mwingine akanipa amri ya kuandika. Nilipoiandika, skrini ikawa nyeusi tii. Nikapiga vigelegele nikidhani nyeusi imerudi, kumbe skrini imezimika.

3. Hili ndilo linaloniuma. Nilimpiga picha mke wangu. Kwenye skrini alikuwa amepauka kama mgonjwa, nikamwambia hana damu. Akaniambia nimtazame yeye, nisitazame skrini. Nikamjibu kwamba skrini ni mpya. Nikamkokota hadi hospitali, daktari akampima, akasema damu ni tele. Mimi nikaomba apimwe tena, safari hii kwa kulinganishwa na picha. Mke wangu akachukua mkoba wake, akaenda kwao.

4. Nikaona niwapunguzie kazi. Skrini imeshindikana, basi nimeanza kuirekebisha dunia ifanane nayo. Studio nimeipaka rangi ya majivu, na wateja nawaomba waje na nguo zilizochujuka. Nimebaki na mteja mmoja, fundi wa saruji, ambaye akitoka kazini anakuwa tayari.

Kwa hiyo naomba mteue wajumbe waende kwa baba mkwe wangu, wakiri kwamba bintiye hajapauka, iliyopauka ni programu. Mnasema kazi yenu ni ya watu wote, basi na aibu hii tugawane. Nampenda mke wangu, na bila yeye hata chai hainishuki.

Wasalimieni wote mnaoshirikiana nao. Yule wa amri ya kuzima mwambieni sina kinyongo.

Wenu katika majonzi na rangi hafifu,
Mpiga Picha

N.B. Nilipokuwa nafunga bahasha, mke wangu aliingia kuchukua nguo zake. Akaitazama skrini, akapenyeza ukucha kwenye kona, akabandua nailoni ya dukani, ambayo kwangu haibanduliwi kwenye kitu kipya. Friji inayo, makochi yanayo. Rangi zote zikarudi kwenye picha yake. Alikuwa mzuri, jamani. Ameondoka na nguo zake, na nailoni ameibeba akamwonyeshe baba yake. Ninyi hamna kosa lolote, wajumbe wasije. Ila kama kuna mmoja wenu anayejua kumwomba mke radhi, na hilo nalo analigawa bure, anitumie maelekezo upesi, maana ndiyo kwanza anafika kituo cha basi.