Kava la Mwalimu Tumpe

Ufito wa mwisho ulikataa kupinda. Leodegari aliulaza juu ya goti, akaunyunyizia maji, akausemesha kwa upole kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa, na polepole ukakubali kuwa paa la gari. Akaufunga kwa kamba ya gome la mti: mizunguko miwili, msalaba mmoja, ncha ikapita chini na kukazwa. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, akatazama kazi yake.

Mbele ya pagale moja la mtaa wa Ruhuwiko, ambalo mwenyewe alihamia mkoa mwingine kabla ya kuezeka, lilisimama gari lisilo na injini, wala viti, wala milango, wala sababu yoyote ya kuitwa gari isipokuwa magurudumu manne. Hayo yalikuwa ya kweli. Yalikuwa ya Mwalimu Tumpe.

Kava alilokuwa anaenda kulifunika nalo lilikuwa la Mwalimu Tumpe.

Ni vizuri tueleze jambo hili taratibu, maana mtu asipoelezwa anaweza kumwona Leodegari kuwa mbaya kuliko alivyokuwa. Mwalimu Tumpe alihamishiwa Songea kutoka Tukuyu, akapanga nyumba isiyo na banda la gari. Kigari chake chekundu kilikuwa kinalala nje, kwenye jua, vumbi na haja za ndege. Basi akakinunulia kava zuri la rangi ya fedha, zito, lenye bitana laini kwa ndani na mpira ukingoni. Leodegari alipewa chumba cha uani bure, kwa sharti la kulinda nyumba, na hasa gari. Kabla ya chumba hicho alikuwa analala kwenye kibanda cha fundi viatu sokoni, kichwa ndani, miguu nje.

Mwalimu alipokwenda Tukuyu kwenye harusi ya mdogo wake, aliacha maagizo.

"Leo, nisikilize. Usilivute kava likiwa na vumbi. Likung'ute kwanza, vumbi ni msasa, linakula rangi. Gari likilowa lisifunikwe, litaota ukungu. Ukanda wa tumboni ufunge, upepo wa huku hauna adabu. Narudi Jumamosi. Nikikuta hata unyayo wa kuku juu ya gari langu, utatafuta chumba kingine."

"Mwalimu, mimi na kuku tumeshaelewana," alijibu Leodegari.

Na alitii kwa siku tatu nzima. Siku ya nne, akiwa amekaa barazani, alisikia wapita njia wawili wakibishana.

"Hiyo ni Prado."

"Prado wapi! Tazama mgongo. Hiyo ni Harrier, mpya."

Chini ya kava kilikuwepo kigari ambacho abiria wa tatu hupanda kwa kuomba radhi. Lakini kava lilikuwa kubwa kuliko gari, na kila aliyepita alilijaza kwa tamaa yake mwenyewe. Leodegari akaacha kutafuna muhogo. Aliona wazi, kama mtu aliyewashiwa taa, kwamba katika biashara ya magari gari lenyewe si lazima.

Mteja alimpata Ijumaa asubuhi, kwenye kibanda cha supu karibu na stendi. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, amekaa huku jicho moja likiwa kwenye bakuli na jingine kwenye guta la kukodi, ambalo juu yake yalilala marobota mawili makubwa ya tumbaku, yameshonwa vizuri ndani ya magunia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mimi ni Afisa Christopher," alisema Leodegari, bila kusema ni afisa wa nini. Mzee naye hakuuliza, maana afisa akiulizwa hukasirika. "Mzee unatoka Namtumbo?"

"Namtumbo. Naitwa Dionis. Umejuaje?"

"Harufu ya tumbaku ya moshi, mzee. Harufu ya heshima."

Kwa kweli Leodegari mwenyewe alizaliwa Namtumbo, akaikimbia tumbaku kabla haijamaliza kumkausha. Hilo hakulisema. Alisema kwamba amehamishwa ghafla, kwamba gari lake haliwezi kwenda anakokwenda, na kwamba kwa mtu mstaarabu angeliachia hata kwa marobota mawili ya tumbaku, kwa sababu fedha zina maneno mengi.

Mzee Dionis aliweka kijiko chini. "Gari zima?"

"Zima."

"Kijijini kwetu mwenye gari ni mwenyekiti peke yake," alisema mzee, macho yakianza kung'aa. "Na lake tunalisukuma sisi. Tangu mwaka juzi nalisukuma gari la mtu mwingine, mwanangu. Bega hili limechoka."

Tamaa ikishafika mahali pa bega haina tena haja ya kusukumwa. Leodegari alimlipia supu, na ikumbukwe kwamba hiyo ndiyo fedha pekee iliyotoka mfukoni mwa mtu yeyote siku hiyo.

Walipofika kwenye pagale, guta likiwafuata, mzee alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama aliyefika msibani na bado hajamwona mfiwa. Kava lilimeta. Chini ya ukingo wake magurudumu manne yalichungulia, meusi, yamepakwa mafuta ya nazi.

"Lifunue nilione."

"Hapo ndipo penye utaalamu, mzee wangu," alisema Leodegari, akishusha sauti. "Rangi ya gari hili haijawahi kupigwa na jua la Songea. Ukilifunua ghafla mchana kama huu, inashtuka. Likifika kwako, unalifunua jioni, kidogo kidogo. Siku ya kwanza pua, siku ya pili mlango."

"Kama mwari," alisema mzee.

"Kama mwari hasa."

"Basi nishike tu."

Leodegari alikuwa amejiandaa kwa hilo. Pale mbele alikuwa amefunga taa moja, iliyong'olewa kwenye kigari cha mwalimu kwa muda mfupi tu, na ubavuni kioo kimoja cha pembeni. Mzee alipitisha mkono chini ya kava hadi begani, akafumba macho.

"Hii taa."

"Taa."

"Hiki kioo."

"Kioo. Cha kuonea wivu wa waliobaki nyuma."

Mkono ulisogea, ukapapasa ndani zaidi, ukakaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Uso wa mzee haukubadilika hata kidogo.

"Gari hili limefungwa vizuri," alisema mwishowe. "Aliyelifunga ni mtu wa kwetu?"

"Ni Wajapani, mzee."

"Aa. Kumbe Wajapani nao wanajua."

Ndipo kutoka ndani ya gari kukatoka sauti: koo, ko-ko-koo. Kuku wa jirani aliona joto limekusanyika chini ya kava, akaingia bila kubisha.

"Na hiyo?"

"Alamu," alisema Leodegari upesi. "Inakuona mgeni."

"Ikinizoea?"

"Itanyamaza."

Mzee aliutoa mkono polepole, akaukung'uta, akasema amelipenda gari. Sasa ilikuwa zamu ya Leodegari kukagua marobota. Alipanda kwenye guta, akashika mshono wa gunia ili aufumue.

"Taratibu, afisa," alisema mzee, akimshika kiwiko kwa heshima. "Tumbaku ikifunguliwa kwenye upepo huu, unyevu unatoka, daraja linashuka. Ukifika nayo sokoni mteuzi atakuandikia daraja la mavumbi. Pitisha mkono tu, hapa pembeni."

Leodegari alipitisha mkono. Majani yalikuwa laini, mapana, yenye harufu ya moshi uliokolea. Alijua majani. Alijua pia, tangu utotoni, kwamba wapo wakulima ambao robota zuri kwao ni lile lenye majani ya sherehe pembeni na mambo mengine katikati, na kwamba baba yake mwenyewe aliwahi kurudishwa kutoka sokoni kwa aibu hiyo. Lakini mtu anayemdanganya mwenzake huwa na shughuli nyingi kichwani, na kumbukumbu ya namna hiyo haikupata nafasi ya kukaa.

"Tumekubaliana, mzee?"

"Tumekubaliana. Nenda kayahifadhi marobota yako. Mimi nakaa hapa na gari langu. Guta likishayashusha nalituma mara moja, linarudi na mtu wa kunisaidia."

"Utakaa hapa?" Leodegari alishtuka. Mpango wake ulikuwa mzee aondoke kutafuta dereva, na yeye avue kava, achukue magurudumu, taa na kioo, avirudishe kwa mwalimu, na kuliacha gari la fito likimsubiri mnunuzi. "Jua kali, mzee. Nenda upumzike stendi."

"Mwanangu, nimesukuma gari la mwenyekiti miaka miwili. Hili langu nitashindwa kulikalia?" Akaketi kwenye tofali, akatoa kiazi mfukoni, akaanza kukimenya kwa utulivu wa mtu aliyefika kwake.

Hakukuwa na la kufanya. Leodegari aliazima toroli la jirani, akapakia robota la kwanza, akalisukuma nyumba tatu hadi chumbani kwake, akarudi kuchukua la pili. Mzee alimpungia mkono kwa kiazi. Robota la pili lilikuwa jepesi kidogo kuliko la kwanza, jambo lililomfurahisha, kwa sababu njia ilipanda mlima. Alipolishusha, alijipa dakika chache za kunywa maji na kutunga uongo wa kumwondoa mzee pale. Alitunga mzuri sana. Ulihusu nyoka.

Alipofika kwenye pagale, hapakuwa na wa kuambiwa.

Gari la fito lilikuwa uchi, mbavu zote nje, na upepo ulipita katikati yake ukipiga mluzi. Kava hakuna. Taa hakuna, kioo hakuna. Magurudumu manne hayakuwepo, lakini gari halikuanguka, kwa kuwa mtu alikuwa amelitegemeza kwa matofali kwenye kila pembe, sawasawa, kwa uangalifu mkubwa. Mahali pa dereva alikaa kuku, chini yake pana yai. Mzee hakulichukua lile yai. Hakuwa mwizi.

Leodegari alizunguka mara mbili. Mara ya pili aliona kitu kilichomfanya akae chini. Fundo moja, la upande wa kushoto, alilolifunga asubuhi akiwa na haraka, lilikuwa limefunguliwa na kufungwa upya: mizunguko miwili, msalaba mmoja, ncha chini, likakazwa kama chuma. Lilikuwa fundo la bani, banda la kukaushia tumbaku, lile wanalofungia fito za kuanikia tumbaku juu ya moshi. Hakuna mtoto wa Namtumbo asiyelijua hata gizani, kwa kidole kimoja. Alifundishwa na baba yake. Mzee naye alifundishwa na wake.

"Wajapani," alisema Leodegari kwa sauti ndogo.

Alikimbia chumbani, akafumua robota la kwanza. Juu palikuwa na majani mapana kiasi cha blanketi moja jembamba. Chini yake magunzi. Robota la pili halikujisumbua hata kuwa na blanketi: lilikuwa na majani pale tu mkono ulipopita, kisha magunzi, magunzi makavu ya mahindi ya mwaka jana, safi, yasiyo na hata punje moja ya kufariji.

Huko barabara ya Namtumbo, guta lilikuwa linapanda taratibu likiwa na magurudumu manne ya kufaa mikokoteni miwili na kava la kufunikia tumbaku mvua ikija ghafla. Mzee alikuja mjini na magunzi, akarudi na vitu. Hatusemi kwamba alifanya vyema. Tunasema tu kwamba bega lake lilikuwa limechoka.

Simu ililia. Ilikuwa saa kumi na moja jioni.

"Leo, habari za huko? Kesho nafika saa sita mchana. Gari langu je?"

"Shikamoo, mwalimu. Gari halijatembea hata hatua moja." Na hilo lilikuwa kweli tupu, kwani lilikuwa juu ya mawe uani, halina mguu hata mmoja.

"Kava umelifunga ukanda?"

"Kava, mwalimu... upepo wa leo haujaligusa."

"Nitumie picha."

"Simu inaisha chaji, mwalimu, ndiyo hiyo inaka—" Akaikata mwenyewe, akaitazama mkononi kama vile ndiyo iliyomtuma.

Angeweza kukimbia. Alikifikiria kibanda cha fundi viatu, akaihurumia miguu yake. Kisha akayatazama magunia mawili ya marobota, mapana, ya nyuzi ngumu, na chini ya kitanda ilikuwepo sindano ya gunia.

Alishona mpaka kidole kikachoka. Aliyapasua magunia, akayaunga pamoja na mapazia ya chumba chake, akayakung'uta kwanza, maana vumbi ni msasa, na upande wa ndani akatandika shuka lake la pekee ili rangi isikwaruzwe. Kava likatokea la rangi ya udongo, lenye harufu ya bani zima. Alilivisha gari, akafunga ukanda wa tumboni kwa fundo analolijua. Halikuwa baya. Lakini lilikuwa fupi. Chini ya ukingo wake palionekana wazi kwamba hapana kitu.

Akafikiri. Akarudi chumbani, akachukua mabaki ya gunia, akayashona kwa mduara, akashindilia magunzi ndani mpaka likawa duara nene, akalipaka masizi ya chungu, akalisimamisha mbele upande wa kulia. Ukilitazama kutoka barazani, na ukiwa umechoka na safari, na ukiwa mtu wa moyo mwema, lilikuwa gurudumu.

Akashona la pili. Jua lilikuwa limezama nyuma ya nyumba, uzi umebaki kipande kifupi, na tundu la sindano halionekani tena. Leodegari alikusanya magunzi yaliyobaki kwenye ndoo, akaifunika vizuri kwa sahani. Kuku alipita, akaipigia kelele ndoo, akaendelea na safari.

"Mawili ya nyuma," Leodegari alimwambia kuku, "kesho alfajiri."