Naomba Kamera Isiyoniona

Ghafar bin Lebai Taib,
Karani Mstaafu wa Mahakama,
Taiping, Perak.

Kwa Tauke Loh,
Mwenye duka la vifaa vya magari, nyuma ya soko.

Tauke Loh mheshimiwa,

YAH: KAMERA YA GARI ULIYONIUZIA, AMBAYO INAFANYA KAZI

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini mgongo wako umepata nafuu tangu ulipojikunja chini ya usukani wangu kufunga ule waya. Mimi ni mzima, isipokuwa kwa mambo yaliyoorodheshwa hapa chini.

Kwa miaka thelathini na moja niliandika kumbukumbu za mahakama ya mji huu. Nimewasikia mashahidi waliosahau, mashahidi walionunuliwa, na mmoja aliyesinzia kizimbani huku bado anajibu maswali. Sijawahi kumwona shahidi anayemgeuka mtu aliyemleta mahakamani kwa gari lake mwenyewe. Kamera yako imefanya hivyo, na ndiyo sababu ya barua hii.

1. Kuhusu uchaguzi. Utakumbuka nilikuja dukani kwako mara nne. Nilikueleza wazi kwamba jirani yangu Sivanesan, stesheni masta mstaafu, analikwaruza gari langu kwenye bampa la nyuma, na kwamba nahitaji ushahidi. Ulinionyesha kamera ya mbele tu, nikaikataa, kwa sababu Sivanesan hupita nyuma. Ukanionyesha ya mbele na nyuma. Nikauliza kama hakuna inayotazama na ndani pia, ukasema, "Encik Ghafar, ya ndani wananunua madereva wa teksi, wanaogopa abiria. Wewe abiria wako ni mkeo." Nikasema nataka pande zote. Ukasema, "Mtu wa kawaida akiweka hii ya ndani, mwezi hauishi kabla hajarudi hapa." Nikaona unataka kuninyima bidhaa bora. Sasa nauliza, na naomba ujibu kwa maandishi: mfanyabiashara wa umri wako anamwachaje mteja mkaidi ashinde? Ulipaswa kukataa mara ya tatu.

2. Kuhusu ufungaji. Sina neno na mikono yako. Waya uliuficha ndani ya kitambaa cha dari, ukaushusha kando ya mlango, ukaupitisha nyuma ya mfuko wa hewa ili siku ya ajali usinichape usoni, ukaufikisha kwenye fyuzi. Ukaongeza na kile kidude kinachoizima kamera betri inapopungua. Kazi ilikuwa safi kiasi kwamba mke wangu Rubiah aliichungulia kamera, hakuona waya wowote, akaamini haijaunganishwa. Nami sikumwambia, kwa sababu za kiusalama.

Ukanionya nisiiguse siku nzima, gundi ikauke. Nikaigusa mara mbili tu. Lalamiko langu ni kwamba uliifunga vizuri mno. Ijumaa iliyopita nilijaribu kuing'oa kwa kisu cha kupakia siagi na haikutikisika.

3. Kuhusu lugha. Siku tatu za mwanzo, mwanamke aliyemo ndani ya kamera alizungumza Kichina. Sauti yake ilikuwa ya upole. Nilidhani ananisifu kwa mwendo wangu, nami kila alipozungumza nikamjibu "asante." Alizungumza sana, hasa kwenye njia ya Kamunting. Nilipokuletea umbadilishe lugha, uliingia ndani tukazunguka soko mara moja, ukamsikiliza, ukacheka hadi ukashika dashibodi. "Encik," ukasema, "anakuambia umetoka kwenye mstari wako. Sasa anakuambia tena. Sasa anasema gari la mbele liko karibu mno." Ulipoweka Kimalei, urafiki wetu na yule mwanamke ukaishia hapo hapo.

4. Kuhusu kielelezo. Hapa naomba utulie usome polepole.

Kila asubuhi, saa tatu hadi saa tano, mimi na wastaafu wenzangu hutembea kwa miguu kwenye bustani ya ziwa. Gari hubaki nyumbani. Jumanne ya wiki ya pili niliporudi, nilikuta bampa lina mkwaruzo mpya na taa ya kamera inapepesa, kuonyesha kwamba kuna tukio limehifadhiwa. Mtu mwingine angefungua aone. Mimi ni mtu wa mahakama. Nilivaa glavu za jikoni za Rubiah, nikachomoa kadi ya kumbukumbu, nikaitia kwenye bahasha, nikaifunga kwa utepe na kuisaini sehemu tatu, asije mtu akasema nimeichezea. Kisha nikamwalika Haji Mokhtar, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, pamoja na mshtakiwa, waje Ijumaa baada ya sala tuitazame wote kwa mara ya kwanza.

Rubiah alinisihi niitazame peke yangu kwanza. Alinisihi Jumanne, akanisihi Jumatano, na Alhamisi akanishika mkono kabisa. Nikamwambia yeye hajui taratibu za ushahidi. Akaingia jikoni akakaanga ndizi za kutosha watu ishirini.

Sivanesan alikuja na shati lililopigwa pasi, akakaa karibu na mlango. Tumekuwa majirani miaka ishirini na miwili. Wiki sita tulikuwa hatusemezani, tangu nilipomkuta ameinama nyuma ya gari langu na kitambaa mkononi, nikamwita mwongo mbele ya muuza mboga. Nilichomeka kadi kwenye televisheni, nikasimama kando na rula ndefu ya kuonyeshea.

Tauke, picha ni safi sana. Nakiri. Saa tatu na dakika arobaini, gari langu linarudi nyumbani kutoka mahali ambako sikulipeleka. Kwenye usukani yuko mke wangu, miwani ya jua usoni, anaimba. Anasimama, anatazama vioo vyote viwili, anaanza kuingia getini kinyumenyume, vizuri, vizuri, kisha kinasikika kishindo kidogo cha nguzo ya geti langu mwenyewe. Sivanesan anatokea na kitambaa na dawa ya meno ya kufutia mkwaruzo.

"Kata usukani mapema, dada," anamwambia huku anasugua. "Nguzo haitakupisha."

"Akiuliza je?"

"Atasema ni mimi. Ameshasema."

"Nakuonea haya, Siva."

"Basi mwambie una leseni. Mwezi wa nne huu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini darasa la ushonaji la Rubiah huko Kamunting, lililochukua miezi minane, halijaleta nyumbani hata foronya.

"Nikimwambia ataficha funguo," mke wangu anasema. Ameshavua miwani. "Macho yake yamekwisha. Juzi kamimina chai nje ya kikombe, akasema kikombe kimesogezwa. Hospitali hataki kusikia. Siku itakayofika hawezi kabisa, nani atashika usukani? Bora inikute nimeshajua."

Haji Mokhtar alichukua kipande cha ndizi, akabaki amekishika.

5. Kuhusu kielelezo ambacho hakuna aliyekiomba. Kabla sijazima, kipande kingine kilijianzisha chenyewe. Kilikuwa cha Jumatatu, siku moja kabla, na dereva ni mimi. Ni pale mbele ya shule ya msingi. Yule mama anayevusha watoto yuko katikati ya barabara, fulana yake ya njano inang'aa, ameinua kibao chake juu. Mtu yeyote angemwona. Sebule nzima ilimwona. Gari halipunguzi. Mwanamke wa kamera anapaza sauti, mara ya kwanza, mara ya pili. Ndipo linafungwa breki, na linaposimama mkono wa yule mama umetua juu ya boneti.

Kwenye kamera ya ndani uso wangu umetulia. Nasema, kwa sauti ya mtu aliyekerwa, "Siku hizi watu wanavuka popote."

Rubiah alilia, bila sauti. Sivanesan ndiye aliyeinuka kuzima televisheni, kwa sababu mimi nilikuwa nahangaika kuitafuta rimoti na ilikuwa mkononi mwangu. Alipofika mlangoni nilimwuliza kwa nini hakusema kitu wiki zote sita. "Ningesema nini, Ghafar?" akajibu. "Siri haikuwa yangu. Na wewe ulikuwa umeshahukumu."

6. Kuhusu sheria. Mshtakiwa halazimishwi kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Hilo hata wewe unalijua. Gari ni mali yangu, kamera ni sehemu ya gari, na sauti iliyomo ni yangu. Kwa hiyo nimelazimishwa kujishuhudia mwenyewe, sebuleni kwangu, bila wakili, kwa umeme nilioulipia mimi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa mwenye ndizi mkononi. Zaidi ya hapo, nilikuwa mlalamikaji. Sijui mahakama yoyote duniani ambamo mlalamikaji huingia asubuhi na kutoka mchana akiwa mshtakiwa, na mshtakiwa akatoka akiwa amesindikizwa hadi getini na mke wa mlalamikaji, amebeba ndizi zilizobaki.

Kwa hiyo naomba uniondolee kamera hii na kunifungia nyingine yenye sifa zifuatazo. Ione makosa ya magari mengine tu. Ijue tofauti ya mwizi na mke, na kwa mke ifumbe jicho. Mwenye gari anapokuwa kwenye usukani, ile ya ndani itazame dirishani. Mwanamke wake aseme jambo moja tu kwa safari, nalo liwe la kumtia mtu moyo. Na kama kiwanda kinaweza, kadi yake iwe inasahau mambo ya Jumatatu ifikapo Jumanne. Kama kamera ya namna hiyo haipo, nitaridhika na ganda lake tupu lenye taa inayopepesa.

Sitaki kurudishiwa chochote. Nataka mtu aje Jumamosi na zana zinazoweza kuishinda gundi yako, na nataka jibu lako ndani ya siku kumi na nne.

Nisalimie mama watoto, fundi matairi wa mlango wa pili, wale wateja wote wanaokaa dukani kwako bila kununua kitu, na paka wako anayelala juu ya betri za zamani.

Ni mimi, mteja wako mwenye uchungu lakini asiye na kinyongo,

Ghafar bin Lebai Taib

Nyongeza: Usimtume mtu Jumamosi.

Barua hii ilikaa mezani siku tisa, na mambo yamesogea. Nimepimwa macho. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari aliuliza nimefikaje pale hospitali, nikamwambia nimeletwa na mke wangu, akashusha pumzi ndefu ambayo sikuipenda. Jicho la kwanza watalifanyia upasuaji mwezi ujao.

Nilikwenda pia kwa yule mama wa shuleni kumwomba radhi. Nilikwenda kwa miguu, Sivanesan akanishika kiwiko kwenye kila kivuko, ingawa nilimwambia naona vizuri. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa mbili. Hakuyasikiliza. "Pakcik, gari lako nalijua siku nyingi," akasema. "Nikiliona linakuja, watoto nawashikilia pembeni mpaka upite. Ile siku nilikuwa nimeshamvusha wa mwisho." Hilo, Tauke, halikuwamo kwenye kadi yoyote. Tulirudi nyumbani mimi na Sivanesan, na tulipofika getini nikampa funguo za gari ampelekee Rubiah, kwa sababu mimi mwenyewe nisingeweza kuzisema sentensi za kumkabidhi usukani.

Sasa mimi hukaa kushoto. Mwanamke wa kamera hajamwambia Rubiah hata neno moja tangu aanze kuendesha mchana kweupe, na Rubiah anaona ni dharau. Wiki ijayo anatupeleka Kota Bharu kwa dada yake, mimi na Sivanesan, safari ya kutwa nzima kupitia milimani. Kadi iliyopo hujaa baada ya saa nne za safari, kisha huanza kufuta ya mwanzo. Naomba uniwekee kubwa kuliko zote ulizo nazo. Mke wangu akishika usukani husema mambo ambayo kwa miaka thelathini na minne hakupata nafasi ya kuyasema, na ningependa yaingie kwenye kumbukumbu.